Nauza unga wa lishe: wateja wanashika pakiti, wanasoma, wanarudisha. Nifanyeje?

Wakuu, habari za jioni. Nauza unga wa lishe hapa Mbagala, Dar, kilo moja shilingi 6,000. Ninazo aina tisa: ulezi, mchele na karanga, soya na mbegu za maboga, na kadhalika. Mteja anashika pakiti, anasoma nyuma, anauliza hiki na kile, mwisho "nitapita kesho". Nimeshusha bei, wapi! Jamaa kaniambia nisome saikolojia ya wateja. Inasaidia kweli au ni porojo za wahamasishaji? Halafu nataka kufungua tawi Chanika kabla ya Desemba.

Kipimo cha Robo: Dada, rudisha bei yako. Unga wa mtoto ukiwa rahisi sana, mama anajiuliza umechanganywa na nini. Na hiyo 6,000 siyo inayomtisha. Anaogopa mtoto akatae uji, kilo nzima ibaki kabatini. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika tangu 1979 kwamba kupoteza kitu kunatuuma kuliko tunavyofurahia kupata cha thamani ileile. Kahneman akapata Nobel ya uchumi 2002, siyo mhamasishaji yule. Funga pakiti za robo.

Mzee wa Kaunta: Robo ni sawa, ila tusimpe Nobel kila kitu. Wengine hela ya kilo hawana, basi. Na huyo anayesoma nyuma, una uhakika hatafuti nembo ya TBS, Shirika la Viwango? Kama huna, anzia hapo.

Binti Sokoni: Aina tisa nyingi. Utafiti wa Iyengar na Lepper wa 2000, kule California: meza yenye jamu aina 24 ilivuta watu wengi, wakanunua kama 3 kwa 100. Yenye aina 6, kama 30 kwa 100. Tafiti nyingine hazikupata tofauti hiyo, kwa hiyo usiziache aina zako nyingine. Weka tatu mbele, zipange kwa umri wa mtoto.

Mzee wa Kaunta: Chanika, usijiulize wewe itachukua muda gani, maana kila mtu hupanga kana kwamba hakuna fundi atakayechelewa. Waulize waliofungua kule: tangu walipe kodi ya miezi sita, wateja walianza kuzoea lini?

Mwenye uzi: Asanteni sana. TBS nafuatilia. Robo niuze 1,500 au 1,800?

Kipimo cha Robo: 1,800, kifungashio nacho hela. Ila usiandike "ya kipato cha chini" wala "ya kujaribu". Andika "robo kilo" tu, hakuna anayependa kuonekana dukani kwamba kilo imemshinda.