Mchungaji alikunywa chai kwangu Alhamisi, Jumapili akanyanyua kopo mimbarini

Mkorosho Mkavu (Newala)
Wakubwa shikamooni. Nina swali, ila naomba msinitukane kabla hamjamaliza kusoma.

Nilifanya kangomba, yaani kununua korosho kienyeji kwa kopo na kwa bei ya chini kabla hazijafika mnadani, sikatai. Mwezi wa saba mama mmoja mjane wa kijijini kwetu alinifuata akitaka elfu 40 ya sare na madaftari ya mtoto. Nikampa, tukapatana atanilipa korosho kilo 40 zikianguka. Yaani elfu moja kwa kilo, na mnajua wenyewe mnadani zilifika wapi. Tena kopo langu la kupimia, nisiwafiche, nimeligonga kitako kikatoka nje. "Kilo" yangu ni kilo na robo.

Alhamisi mchungaji akapita nyumbani. Mke wangu akachemsha chai, akakaanga mihogo. Kopo lilikuwa juu ya gunia, karibu na goti lake kabisa. Akalitazama. Akaniuliza bei ya salfa, dawa ya mikorosho, mwaka huu, akaomba, akaenda zake. Jumapili katikati ya mahubiri akainama, akaibuka na kopo la mafuta ya kula, akalizungusha hewani kama dalali: "Wapo humu ndani wenye hili." Kisha kimya. Kwaya nzima shingo kwangu. Kijana wa kinanda akacheka.

Kwa nini hakuniambia Alhamisi? Na yule mzee wetu anayekusanya kangomba kwa tani, aliyetoa bati za kanisa, mbona hajanyanyuliwa hata kijiko?

Jumapili ya tatu hii sijakanyaga kanisani.

Mpwa wa Nyangao
Pole mkuu. Ila umeandika habari za kopo, chai, shingo za kwaya na bati za mzee, mjane ukampa sentensi moja. Ungeambiwa sebuleni ungerudisha? Na huyo mama siku hiyo alikuwepo ibadani?

Babu wa Masasi
Marahaba mwanangu. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi, hili nimeliona sana. Mathayo 18 imepanga ngazi: kwanza wewe na yeye peke yenu, akikataa mchukue mmoja au wawili, ndipo kanisa. Mchungaji wako kaanzia juu. Hata Nathani alimwingilia Daudi na kisa cha maskini na kondoo wake mmoja, akamwambia usoni kwamba mtu huyo ni yeye.

Watakujibu kwa 1 Timotheo 5:20, wadumuo katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Sawa, ila wasome na wa 21, unaokataza upendeleo. Hapo ndipo bati zinapoingia.

Huku kwetu Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, alikuta jando. Angeweza kulilaani mimbarini akamaliza. Badala yake walikaa wakachambua lipi libaki na lipi liondoke, watoto wa Wakristo wakaingia jando la Kikristo. Wapo waliompinga, lakini alikaa na watu.

Lindi Kwetu
Mimi Muislamu, napita tu. Ijumaa moja imamu wetu alisoma Suratul Mutaffifin, ile inayoanza na ole wao wapunjao vipimo. Hakutaja mtu wala hakunyanyua kitu. Wauza dagaa tulitoka msikitini hatuangaliani.

Mkorosho Mkavu (Newala)
Mpwa, umenichoma. Alikuwepo. Benchi la tatu mbele yangu, upande wa akina mama. Watu wote waligeuka kunitazama, yeye hakugeuka. Nilikuwa sijaliwaza hilo mpaka ulipouliza.

Zile korosho zilikuwa bado stoo. Jana nimezipima kwa mizani ya AMCOS, chama chetu cha ushirika: kilo 49. Nimempelekea zake 9, nikamwambia habari ya bei tutaongea mnada ujao, sitamlipisha kwa elfu. Akazipokea mlangoni. Hakunikaribisha ndani.

Babu, mistari yote miwili nimeinakili kwenye karatasi. Alhamisi nakwenda kwa mchungaji, na kopo nalibeba. Safari hii chai achemshe yeye.