Tupeane uzoefu: tuliotembelea nyumba ya Samuel Johnson, mtunga kamusi, jijini London

Mwalimu wa Morogoro
Ndugu zangu, naomba waliowahi kuingia katika nyumba namba 17 ya Gough Square watueleze kilichowagusa, nami nitatangulia. Nilifika kwa miguu kutoka Fleet Street, nikipenya vichochoro vyembamba ambavyo mgeni huvipita bila kuvitambua, mpaka nikatokea kwenye uwanja mdogo wenye nyumba ya matofali iliyokwisha kutimiza zaidi ya miaka 300. Humo Johnson aliishi kuanzia mwaka 1748 hadi 1759, na humo ndimo alimotungia kamusi ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1755 ikiwa na vidahizo, yaani maneno yanayotolewa fasili, 42,773.

Nilipanda moja kwa moja hadi chumba cha darini, kwa kuwa ndicho nilichokifuata. Nimewahi kusaidia kukusanya maneno ya kamusi, na najua jinsi fasili ya kitenzi kifupi kama "tia" inavyoweza kuimeza siku nzima, maana hutiwa chumvi, hutiwa moyo, hutiwa saini, na kila mahali maana huhama kidogo. Katika chumba kile makarani sita, watano kati yao Waskoti, walinakili sentensi ambazo Johnson alikuwa amezitia alama vitabuni. Nilipokuwa nimesimama pale nilikumbuka kamusi yetu sanifu ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, ambayo iliandaliwa chini ya Johnson mwingine, Frederick Johnson wa Kamati ya Lugha iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili Afrika Mashariki, na nikatamani vyumba walimofanyia kazi watunga kamusi wetu navyo vihifadhiwe hivyo.

Binti wa Unguja
Mwalimu, mimi nilizuiliwa chini na habari za Francis Barber, hata darini nikafika nimechelewa. Alizaliwa Jamaica katika utumwa, akaletwa Uingereza akiwa mtoto, na mwaka 1752, muda mfupi baada ya Johnson kufiwa na mkewe, akaingia katika nyumba ile kuwa mtumishi. Johnson alimsomesha, na alipofariki mwaka 1784 alimwachia sehemu kubwa ya mali yake. Nimekulia karibu na Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, kwa hiyo sikuweza kulisoma jina lake kama jambo la pembeni, wala sikubali kwamba wema aliotendewa unafuta jinsi alivyofika huko. Nawaomba mtakaokwenda mumtafute yeye kwanza.

Msomaji wa Mombasa
Msiondoke bila kuutazama mlango wa mbele kwa ndani, una mnyororo mzito ajabu. Nje uwanjani pana sanamu ya Hodge, paka wa Johnson, ameketi juu ya kamusi na maganda ya chaza mbele yake, kwa sababu Johnson alikuwa akienda mwenyewe kumnunulia chaza ili watumishi wasije wakamchukia paka kwa usumbufu huo.

Mwalimu wa Morogoro
Ahsante, dada yangu. Habari za Barber nilizipita kwa haraka nikikimbilia ngazi, na sasa najua nitaanzia wapi nikijaliwa kurudi.