TV ndogo ya bafuni inayosikia amri za nyumba: iliyozibwa maji, ya nyuma ya kioo, au ya kawaida na stiki?

Mvukemwingi

Wakuu, salaam. Nimesoma matangazo mpaka macho yananiwasha, sasa naja kwenu.

Nataka TV ndogo bafuni, inchi 19 hadi 24. Mimi husikiliza taarifa ya habari nikinyoa ndevu, na mke wangu akiingia kwenye beseni la kuogea hatoki mpaka tamthilia iishe. Sharti langu kubwa ni moja: iongee na Home Assistant, ile programu inayoendesha vifaa janja vya nyumba. Asubuhi taa ya bafuni ikiwaka, TV iwake kwenye habari, sauti ya chini. Bafu likibaki tupu dakika 10, izime. Usiku wa manane ikae kimya hata kama taa imewashwa.

Nimebakiwa na njia tatu. Ya kwanza ni TV ya bafuni hasa, imezibwa, IP66 (kipimo cha kuzuia vumbi na maji), volti 12, ndani ina Android yake. Ya pili ni paneli nyuma ya kioo, ikizimwa unaona kioo tu. Ya tatu ni TV ya kawaida, mbali na maji, na stiki ya HDMI nyuma yake, kile kijiti kinacholeta Netflix na programu nyingine kwenye TV. Moyo wangu uko kwenye ya pili, mfuko unasema ya tatu. Mnanishaurije?

FundiNyaya

Mkuu, kabla ya kuchagua TV chukua futi kamba. Viwango vya kimataifa vya umeme wa bafuni, IEC 60364 sehemu ya 701, vinagawa chumba kwa kanda. Ndani ya beseni ni kanda 0. Juu ya beseni au mahali pa kuogea, hadi mita 2.25 kutoka sakafuni, ni kanda 1. Ukitoka hapo sentimita 60 kwenda pembeni ni kanda 2. Kifaa cha kanda 1 na 2 kiwe angalau IPX4, yaani kihimili maji yanayorukia kutoka pande zote, na saketi yake ilindwe na swichi inayokata umeme unapovuja miliampia 30. Kanuni za nchi yako zinaweza kuwa kali kuliko hizo, na fundi mwenye leseni ndiye wa kumuuliza.

Kwa hiyo njia ya 3 inaishi au inakufa kwa futi kamba. Kama ukuta ulioutaka uko ndani ya hizo sentimita 60, TV ya umeme wa ukutani isahau. Na ukichukua ya volti 12, adapta ikae chumba kingine.

MamaSensa

Hata nje ya sentimita 60, kaka, mimi naomba nikuogopeshe kidogo. Niliweka TV ya kawaida juu ya mlango, mbali kabisa na bomba, haikuwahi kurukiwa na tone hata moja. Ilikufa ndani ya mwaka. Nilipofungua mgongo nikakuta kutu ya kijani kwenye ule utepe mwembamba unaoingia kwenye paneli, na alama za michirizi ya maji kwenye bodi, kama chozi lililokauka.

Kilichoiua ni mvuke. TV iliyozimwa ina baridi, mtu anaoga maji moto, hewa yenye unyevu inaingia kwenye matundu ya kupoozea na kugeuka maji palepale ndani. Kila siku, mara mbili.

Na msibabaishwe na namba za IP. Hiyo 6 ya mwisho ya IP66 maana yake kifaa kimepigwa na maji mengi ya bomba, lita 100 kwa dakika, kikapona. Ni maji safi yasiyochemshwa. Mvuke hauko kwenye jaribio hilo, wala sabuni, wala zile dawa za kusafishia vigae. Angalieni raba inayoziba mlango wa nyaya. Hapo ndipo hushindwa kwanza.

Mvukemwingi

Asante dada, umeniua na kunizika. Nimepima: ukuta wangu uko sentimita 45 kutoka ukingo wa beseni. Njia ya 3 imekwisha. Zimebaki mbili.

Kibodi_Mbovu

Mnazungumzia maji tu. Swali alilouliza ni la amri.

Mimi ninayo ya njia ya 1. Picha nzuri, haijaingiza maji. Ila ubongo wake ni janga. Android iliyomo ni ya simu, si ile ya TV, toleo la zamani, na haijapata sasisho tangu niinunue. Netflix inafunguka lakini kwa picha hafifu, kwa sababu haina kibali cha Widevine L1 (ulinzi wa video dhidi ya kunakiliwa), na bila hicho huvuki ubora wa DVD hata intaneti yako iwe ya moto kiasi gani. Home Assistant nayo haiitambui kama TV. Nilichoweza ni kuitumia kitoa miale cha infraredi, kiigize rimoti.

Hapo ndipo nilipoumbuka. Rimoti yake ina kitufe kimoja: kikiikuta imezimwa kinawasha, kikiikuta imewaka kinazima. Mfumo wangu ulipangwa kuizima saa 5 usiku. Siku moja mama mkwe amelala kwetu, akaoga, akaizima kwa mkono kama mtu mstaarabu. Saa 5 ikafika, mfumo ukatuma "zima". TV ikawaka. Kwa sauti ya mchana, ndani ya chumba cha vigae. Asubuhi yake aliniuliza kwa upole kama nyumba ina watu wengine.

FundiNyaya

😂 Hiyo ndiyo inayoitwa amri kipofu. Unatuma, hujui imefika wapi. Waulize wauzaji swali moja: kuna msimbo wa kuwasha pekee na msimbo wa kuzima pekee? Wengi watakutazama tu.

Kibodi_Mbovu

Niliponea kwa soketi janja inayopima umeme, nimeichomeka adapta huko stoo. Ikisoma chini ya wati 3, TV imelala. Ikizidi 10, imewaka. Sasa mfumo unatazama namba kwanza ndipo unatuma mwale. Inafanya kazi, lakini ni kama kumgusa mtu mapigo ya moyo kabla ya kumsalimia.

Ndege_wa_Kioo

Nitetee njia ya 2 maana naona inaelekea kusahaulika. Ninayo miaka mitatu. Ikizimwa, mgeni hajui kuna TV. Nyuma ya kioo kuna kipasha joto, kwa hiyo eneo la picha halishiki ukungu, na hilo peke yake linanifurahisha kila asubuhi kuliko TV yenyewe.

Sasa ubaya wake. Kioo kinachopitisha nusu kinakula mwanga mwingi. Habari na mpira, sawa. Tamthilia zenye matukio ya gizani, mkeo atajiangalia yeye. Kama kuna dirisha linaloitazama, ndiyo basi kabisa. Pia tabaka la metali kwenye kioo linapunguza Wi-Fi. Yangu ilikuwa inakatika mpaka nilipovuta kebo ya mtandao. Na ikiharibika, unashusha kioo kizima.

Kwa upande wa amri, inategemea kilicho nyuma. Yangu ina paneli ya kampuni inayotengeneza TV za kawaida, yenye webOS, mfumo wa TV janja, hivyo Home Assistant inaiona kwa jina, hali, sauti, kila kitu. Wengine huuziwa kioo kizuri chenye paneli bubu, skrini tu isiyo na ubongo wake.

Nyayafupi

Kwani nini msitumie tableti? Kuna zenye IP68, kwa mfano Galaxy Tab S9. Weka Fully Kiosk, programu ya kuigeuza tableti kuwa skrini ya ukutani, Home Assistant inaikamata vizuri sana, skrini inawaka na kuzima kwa amri, unabandika ukutani umemaliza.

MamaSensa

Kamera na maikrofoni. Bafuni. Hapana.

Nyayafupi

Unabandika utepe.

MamaSensa

Utepe unabandika kamera, maikrofoni je? Na wageni wangu niwaeleze nini? Halafu betri inayochajiwa saa 24 kwenye joto na unyevu huvimba. Nimeona moja ikisukuma kioo chake kama andazi kwenye mafuta. Kama ni lazima, chaji yake ipite kwenye soketi janja: ianze ikifika asilimia 30, ikome kwenye 70.

Ndugu Mvukemwingi, hata TV yako kagua kama ina maikrofoni. Baadhi zimefichwa ndani ya rimoti, hizo unaziacha nje.

Mzee_Rimoti

Vijana, mnahangaika kwa sababu mnataka kifaa kimoja kifanye kazi mbili. Skrini iliyozibwa maji inakaa ukutani miaka kumi. Ubongo wa TV unazeeka baada ya miaka mitatu au minne. Mkiviunganisha, kile kinachokufa mapema kinamzika mwenzake.

Mimi nilichofanya: paneli bubu iliyozibwa, volti 12, HDMI na basi. Stiki iko nje ya bafu kwenye kabati, pamoja na adapta. Kebo ya HDMI inapita ndani ya bomba la nyaya. Stiki ikizeeka naibadilisha bila kugusa silikoni. Rimoti ya stiki ni ya Bluetooth, kwa hiyo haihitaji kuonana nayo uso kwa uso.

Amri zinapita kwa HDMI-CEC, njia ya vifaa kuamrishana kupitia kebo ileile ya HDMI. Home Assistant inaamsha stiki, stiki inaamsha paneli, na hali ya stiki unaisoma moja kwa moja. Lakini hakikisheni paneli ina CEC kweli. Wengine huchapa HDMI kwenye boksi, CEC hakuna.

Mvukemwingi

Mzee, shikamoo. Hili sikuwa nimelifikiria. Kabati langu liko mita 8 kwa njia ya waya. HDMI itafika?

Mzee_Rimoti

Marahaba. Kwa picha ya 1080p, mita 8 kebo nzuri inafika bila shida. Ukienda mbali sana utaambiwa ununue vile visanduku vya kupitisha HDMI kwenye kebo ya mtandao. Sikatai, ila vingi havipitishi CEC, na hapo umerudi kwenye amri kipofu.

FundiNyaya

Na hizo mita 8 zinanihusu mimi pia. Volti 12 si kama 230, inachoka njiani. Tuseme paneli inakula wati 24, yaani ampia 2. Waya wa milimita za mraba 0.75, mita 8 kwenda na 8 kurudi, una ohm kama 0.37. Unapoteza karibu volti 0.7, paneli inapata 11.3. Ukitumia 2.5, unapoteza kama 0.2 tu. Nilishaitwa kwenye nyumba ambayo TV ilikuwa inajizima kila sauti ikipandishwa. Wameshabadilisha paneli mara moja. Kosa lilikuwa waya mwembamba kama uzi wa kengele.

Kibodi_Mbovu

Mzee, na ikitokea paneli haina CEC?

Mzee_Rimoti

Kuna ujanja. Chomoa adapta paneli ikiwa imewaka, subiri sekunde 10, chomeka. Zipo zinazorudi zikiwa zimewaka, zipo zinazorudi zimelala. Kama ni ya kwanza, soketi janja tu inatosha: ukitoa umeme imezima, ukirudisha imewaka, hakuna cha kubahatisha. Usifanye hivyo kwa ile yenye Android ndani, utaiharibu kwa kuikatia katikati ya kuandika. Kwa paneli bubu haina tatizo. Jaribu mezani kabla ya kutoboa ukuta.

Ndege_wa_Kioo

Nyongeza kuhusu zile dakika 10 za bafu tupu. Usitumie sensa ya mwendo ya kawaida. Mtu kwenye beseni hatikisiki, mkeo atazimiwa tamthilia kwenye kilele na wewe ndiye utakayelala sebuleni. Tumia ya rada ya mawimbi ya milimita, inamwona hata aliyetulia. Ila usiielekeze kwenye pazia la kuogea wala feni, vikitikisika inavihesabu kama mtu.

MamaSensa

Na feni ya kutolea hewa ifuate unyevu, isifuate taa. Linganisha sensa ya bafuni na ya chumba cha jirani. Tofauti ikipanda ghafla, feni iwake, na iendelee mpaka tofauti ishuke. Ukiweka namba moja tu, tuseme asilimia 70, siku ya mvua feni itazunguka kutwa.

Mvukemwingi

Wiki tatu baadaye, narudi na mrejesho.

Nimefuata ya Mzee. Paneli ya inchi 22, imezibwa, haina Android. Boksi liliandika CEC na mezani haikuitikia hata kidogo. Nikachomoa adapta kama ulivyosema, ikarudi imewaka, nikashukuru Mungu. Hivyo soketi janja inaipa umeme, na Home Assistant inaamsha stiki kwa wakati uleule. Kutoka taa kuwaka mpaka sauti ya habari ni sekunde 9, nimehesabu nikiwa na mswaki mdomoni. Waya ni 2.5. Kwenye paneli nimepima volti 11.8.

Spika zake zilizozibwa zinatoa sauti ya debe. Nilijaribu spika ya Bluetooth, midomo ikawa inatangulia sauti. Nimeishia na spika mbili za darini na amplifaya ndogo kabatini.

Kioo kilikuwa kizuri, Ndege, nisikudanganye. Ila dirisha langu linaitazama sinki.

FundiNyaya

Safi. Umeacha waya wa ziada nyuma ya paneli? Siku ya kuitoa utanikumbuka.

Mvukemwingi

Sentimita 40, nimeukunja ndani ya boksi la ukutani. Silikoni nimepaka pande tatu, chini nimeacha wazi maji yatoke.

FundiNyaya

Nani kakufundisha hiyo?

Mvukemwingi

Mke wangu. Anasema dirisha la jikoni liko hivyohivyo.