Naombeni ushauri: mtoto njiti yuko nyumbani, mama mkwe anakuja na mipango yake

Mama_Igoma:
Habari zenu wapendwa. Waliolea njiti msinipite.

Nilijifungua mimba ikiwa na wiki 31. Tumeruhusiwa juzi, mtoto ana kilo 1.7. Akinyonya kidogo anachoka, kwa hiyo nakamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Muda wote uliobaki nambeba kangaruu, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, nimefunga kitenge. Nikimtoa tu kumbadilisha nepi, nyayo zinaanza kupoa.

Tumepanga vyumba viwili, wapangaji wenzangu wanapikia mkaa koridoni. Mume wangu yuko visiwani kwenye dagaa, hadi mbalamwezi ndipo arudi. Sasa mama mkwe anakuja na meli kutoka Ukerewe, pamoja na mashangazi. Kwenye simu ameshasema mtoto aogeshwe na kukandwa maji ya moto kila siku, apewe uji mwepesi apate nguvu, na nisimzoeshe kifua. Mama huyu aliuza mbuzi wake tukiwa wodini. Sitaki aone nimemfungia mlango, ila kwa mtoto naogopa sana. Nianzie wapi?

Mama_Kulwa_na_Doto:
Hongera mdogo wangu, na pole. Usibishane naye, mpe kazi. Kangaruu si ya mama peke yake. Baba, bibi, shangazi, yeyote mwenye afya njema anaweza kumbeba. Mama mkwe wangu alikuja toka Magu amenuna, anasema mtoto gani hawekwi chini. Nikamwambia, "Mama, mgongo umekufa, nipokee." Nikamfungulia blauzi, nikamlaza Doto kifuani pake, nikawafunga na kanga. Haikupita muda mtoto kalala, mkono kaushika mkufu wa bibi. Kuanzia hapo yeye ndiye alikuwa anafukuza wageni. Mashangazi wafue na wapike, tena nje.

Mstaafu_Wodini:
Mwanangu, kwenye uji usilegeze hata kidogo. Wala maji, wala maji ya sukari. Maziwa yako tu hadi miezi 6, pamoja na matone ya vitamini na madini ya chuma kama kliniki ilivyokupangia. Utumbo wake bado mchanga, na akipaliwa ni hatari. Kuogesha subiri, mfute kwa kitambaa cha uvuguvugu, kipande kwa kipande, mlango umefungwa, kisha arudi kifuani. Nunua kipimajoto: 36.5 hadi 37.5 ndiyo salama.

Akikataa maziwa, akibana mbavu, akisita kupumua, akiwa wa baridi hata baada ya kubebwa, akiwa wa moto au wa manjano, usingoje asubuhi. Bodaboda hadi hospitali ya Sekou Toure au Bugando, mtoto akiwa kifuani hivyo hivyo. Na kliniki uliza kuhusu kupimwa macho. Njiti hukaguliwa retina, yaani sehemu ya nyuma ya jicho, kati ya wiki ya 4 na ya 6 tangu kuzaliwa, watu wengi hawaambiwi.

Baba_Goziba:
Mimi naona hili si lako, ni la mumeo. Neno la mkwe linageuka dharau, la mwanawe linasikilizwa. Huku visiwani mtandao tunapata, ampigie mama yake kabla hajapanda meli. Na mwezi ukiwaka aje naye abebe kifuani.

Mama_Kulwa_na_Doto:
Baba Goziba umenena, lakini simu peke yake haitoshi. Bibi akifika akakuta hana la kufanya, uji utapikwa tu.

Mama_Igoma:
Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Mume kapiga, mashangazi watabaki Nansio kwanza, mama anakuja peke yake. Amekubali uji usubiri, la kukanda bado hajakubali. Ila nimemsikia anakohoa kwenye simu. Nikimpa mtoto ambebe si atamwambukiza?

Mstaafu_Wodini:
Hapo asimbebe hadi kikohozi kiishe. Akishuka tu apite hospitali, na kama amekohoa wiki mbili au zaidi apimwe makohozi; kifua kikuu hupimwa na kutibiwa bure. Kwa sasa alale chumba kingine, avae barakoa, anawe kwa sabuni. Mkabidhi vyombo vya maziwa, avioshe na kuvichemsha kila baada ya mlo. Na mwambie tangu siku ya kwanza kwamba akipona, zamu ya mchana ya kubeba ni yake.