Lushoto na watoto mwezi wa saba, tubebe nini?

Baba Wawili: Wakuu nataka kuipeleka familia Lushoto tukitokea Dar kwa basi, baridi ikoje na msosi je?

Msambaa: Karibuni nyumbani mkuu, mwezi wa saba baridi si mchezo, beba masweta na soksi nzito. Mkishafika Mombo gari linaanza kupanda milima, ni kona juu ya kona, anayetapikaga mkalishe mbele na Korogwe asile chipsi mayai.

Mama K: Irente Farm msipaache jamani, jibini na mkate wanatengeneza wenyewe, mkishiba mnatembea taratibu mpaka Irente Viewpoint mnaiona tambarare yote kule chini.

Msambaa: Na mkirudi beba karoti, sokoni zinauzwa zikiwa bado na udongo, tamu balaa.