Msimu wa korosho unakaribia na uchovu wa mwaka jana bado haujaisha, nifanyeje?

Karani wa Tandahimba:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao, huu utakuwa msimu wangu wa tatu. Minada ikianza Oktoba, saa kumi na mbili asubuhi nipo ghalani: kupima, kuandika, kusubiri lori la kwenda ghala kuu hadi usiku. Hayo nayaweza. Kinachonimaliza ni simu. Korosho ikishauzwa, malipo yanapitia benki, mimi siyashiki, lakini anayeulizwa ni mimi. Na wanaouliza si watu baki: ni mjomba, mama mdogo, mwalimu aliyenifundisha darasa la tatu. Saa tano usiku mtu anapiga, ana mgonjwa. Utamzimiaje simu?

Mwaka jana, Desemba, nilimkaripia mzee aliyekuja kuuliza kwa upole kabisa. Mpaka leo linaniuma. Na hesabu za kilo nikawa nakosea, jambo lisilo kawaida yangu. Nijikinge vipi mapema?

Nesi wa Masasi:
Pole mdogo wangu. Shirika la Afya Duniani linautambua uchovu huu wa kazi kwenye ICD-11, orodha yake ya magonjwa na hali nyingine za kiafya. Wenyewe si ugonjwa, unatokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, moyo kuitoka kazi, na kuona huimudu tena. Unaona unavyozigusa? Usingizi ukikataa au huzuni ikikuganda hata ukiwa likizo, nenda hospitali, usingoje msimu uishe.

Binti Mikindani:
Una mkataba? Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, saa za kawaida ni 45 kwa wiki, za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, nazo hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28. Andika saa zako kwenye daftari kuanzia siku ya kwanza, ndipo ukaombe msaidizi.

Mzee wa Kitangari:
Marahaba mwanangu. Sheria ni sawa, ila simu za mjomba hazizuiwi na sheria. Nimekuwa katibu wa chama miaka mingi. Mkulima hapigi usiku kwa ubaya, anapiga kwa sababu hajui. Baada ya kila mnada bandika tangazo mlangoni: tarehe, bei, kilo zilizouzwa, na malipo yamefikia wapi. Hata kama hayajafika, andika hayajafika. Kisha saa kumi jioni kaa nje na mjumbe mmoja wa bodi, mjibu wote kwa pamoja. Asikuachie peke yako, maana lawama ya chama si ya karani. Na yule mzee mfuate kwake ukamwombe radhi kabla mizani haijatoka stoo.

Karani wa Tandahimba:
Asante sana mzee wangu, nesi, dada. La bodi nalipeleka kwenye kikao cha Jumamosi. Kwa mzee nakwenda kesho baada ya swala ya alasiri.