Naomba ushauri: mke wa kocha kaniambia anapigwa

Wakuu, nipo Marekani, nagawa jezi idara ya michezo ya chuo kikuu kimoja. Mke wa kocha wetu msaidizi, dada wa kwetu, kanionyesha mkono una alama za vidole, akaniapisha nisiseme. Anaogopa mumewe akifukuzwa kazi, viza yake nayo inakwenda.

Kwenye semina tuliambiwa tukisikia mambo haya tupeleke ofisi ya Title IX (sheria ya Marekani inayokataza ubaguzi wa kijinsia mashuleni na vyuoni). Bosi anasema ni ya nyumbani kwao, tusiingilie. Hapo ndipo nachoka! Mwaka 2018 chuo kikuu cha Ohio State walimsimamisha kocha wao mkuu wa futiboli ya Kimarekani, Urban Meyer, mechi 3 kwa jinsi alivyoshughulikia tuhuma kama hizi dhidi ya msaidizi wake.

Aliyewahi kuripoti: walimlindaje mwanamke? Na mwanasheria wa uhamiaji, aonwe kabla?